Munkoyo Ambao Fortunée Hakuuonja

Siku ile kazi yangu ilikuwa kushika saa. Nataka ijulikane mapema, kwa sababu baadaye kuna watu wa Likasi waliosema kwamba mimi ndiye niliyemharibia Fortunée, na wengine wakasema ningeweza kumwokoa kwa neno moja. Nilikuwa na simu yangu mezani, kadi ya njano ya kuonyesha kwamba imebaki dakika moja, na kadi nyekundu ya mwisho. Ndizo kazi wanazopewa walimu wasaidizi wa umri wangu, ambao tasnifu yao haijaisha na mkuu wa kitivo amechoka kuuliza itaisha lini.

Jina langu ni Hilaire. Nafundisha habari za biashara chuoni, mimi ambaye sijawahi kuuza hata kiberiti. Fortunée alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, lakini nilimjua tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi, kwa sababu mama yake, Mama Eugénie, anauza munkoyo soko la Kikula, na mimi ni mteja wake wa kila siku. Saa sita mchana natoka darasani, naenda pale, nakunywa kikombe kimoja, siku mbaya nakunywa viwili. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja.

Kwa msomaji wa mbali asiyeujua, munkoyo ni kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi ya porini. Unapika uji, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi iliyopondwa, na uji mzito ule unalegea wenyewe mpaka unakuwa maji matamu. Unalala usiku mmoja, asubuhi unachujwa. Ukisikia mtu anasema ni kazi rahisi, ujue hajawahi kuifanya. Mzizi ndio kila kitu. Iko mizizi inayofanana na wa munkoyo kama ndugu, na mingine ukiila inakupindua tumbo siku mbili.

Ndiyo maana Mama Eugénie hanunui mizizi kwa kila mtu. Anamngoja Mama Émérence, mwanamke wa upande wa Kapolowe, anayekuja kila Jumatano na furushi kichwani. Tena anaitaka mizima, na magome yake. Anauvunja mmoja, anaunusa, anautafuna. Akisha kupika anaonja uji, anaonja tena baada ya mizizi, anaonja tena alfajiri kabla ya kuchuja. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaonja mara nyingi vile, akaniangalia kwa huruma.

"Monsieur Hilaire, weye unafundisha batoto bila kusoma kitabu?"

Kwa kweli, mara nyingine ndiyo, lakini sikumwambia.

Basi chuo kikatangaza shindano la wanafunzi wenye mawazo ya biashara. Mshindi ni mmoja tu, na zawadi yake ni chumba nyuma ya maabara kwa miaka miwili, chenye maji ya bomba, mapipa ya chuma kisichoshika kutu na mashine ya kujaza chupa. Fortunée alipokiona chumba kile akaiona ndoo ya mama yake. Mama Eugénie alikuwa ameanza kuumwa mgongo. Ile ndoo ya buluu, iliyofungwa blanketi, alikuwa anaibeba kutoka nyumbani mpaka sokoni akisimama mara nne njiani, na zamani hakuwa anasimama hata mara moja.

Akaungana na Rolly, kijana wa kemia, wakaandika mradi wa munkoyo wa chupa. Juu ya karatasi ya chupa wakataka jina: Munkoyo Mama Eugénie. Mama mwenyewe alikataa wiki tatu. Alipokubali mwishowe, nilikuwepo, kikombe mkononi.

"Twaa jina," alimwambia binti yake. "Lakini ile jina njo inakulisha weye na bandugu yako tangu mulizaliwa. Siku itatoka pa kintu kibaya, minye sitauza tena ata ku bantu ya avenue yetu."

Fortunée akasema, "Nimesikia, mama." Alikuwa amesikia kweli, na ndiyo iliyomtesa baadaye.

Sasa nieleze jinsi mambo yalivyopinda wiki ile. Haya niliyajua yote baada ya shindano, kutoka kinywani mwake mwenyewe, lakini nayasema sasa, maana bila hayo hutaelewa nilichokiona.

Jumanne Mama Eugénie aliitwa Kakanda, kaka yake alikuwa amefariki. Alimwachia Fortunée unga, vyungu, na amri ya kumngoja Mama Émérence kesho yake. Jumatano Mama Émérence hakuja. Alhamisi hakuja pia. Shindano lilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Alhamisi saa tisa Fortunée akaenda kando ya barabara kubwa, akamkuta mwanamume mmoja asiyemfahamu anauza mizizi iliyokwisha kupondwa, ndani ya mifuko ya plastiki. Mzizi uliopondwa hauna gome, huwezi kuujua kwa macho. Aliunusa, akaona unanukia munkoyo. Akaununua.

Hapo angekuwa mama yake, angeonja. Fortunée hakuweza kuonja, kwa sababu alikuwa amefunga.

Wanafunzi wetu wana kikundi cha maombi, na kiongozi wao, Jaël, msichana mwenye sauti nzuri na amri nyingi, alikuwa ametangaza mfungo wa Esta kwa wote waliofika fainali: siku tatu bila chakula na bila hata tone la maji, tangu Jumatano asubuhi mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Sicheki maombi ya mtu. Lakini kufunga kinywa wakati kazi yako ni ya kinywa, hilo lilinikasirisha nilipolisikia, na bado linanikasirisha. Yeye aliona ni dhambi kubwa kuliko zote kuvunja ahadi ya Mungu kwa kijiko cha uji. Akapika usiku ule kwa macho na pua tu. Uji ulichelewa kulegea. Akajiambia ni baridi, maana ilikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Likasi vidole vinaganda asubuhi.

Rolly ndiye aliyeonja, Ijumaa alfajiri, wakati wanajaza chupa. Yeye hafungi. Alikunywa kikombe kizima, akasema ni mzuri, wakafurahi, wakabandika makaratasi yenye jina la mama.

Saa saba mchana nilimkuta Rolly nyuma ya ukumbi, ameinama, anatapika.

Sikushangaa. Rolly anatapika kabla ya kila mtihani wa mdomo, chuo kizima kinajua, hata mapenzi yake na Aimée wa sheria yalianza siku aliyomtapikia viatu. Nilimpeleka ofisini kwangu, nikamlaza kwenye benchi. Fortunée alikuja mbio, amevaa suti ya kijivu ya kuazima iliyomzidi mabega.

"Njo tumbo yangu ya siku zote," Rolly alimwambia. "Enda, enda."

Fortunée alifika mlangoni. Rolly akafumba macho, akasema polepole, "Lakini leo inakata ku chini kidogo."

Alisimama pale muda. Mimi nilidhani anaogopa kusema peke yake bila mwenzake, nikamwambia usijali, unajua maneno yote. Sikujua habari ya mizizi wala ya mfungo. Alinitazama, midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka, akanishukuru. Tukaenda.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wakaguzi watatu, ambao kwa siku ile waliitwa jury: Papa Édouard, mtaalamu wa kilimo aliyestaafu, mzee mrefu anayeandika kwa penseli, Madame Suzanne, mwenye duka la mikate, na bwana mmoja aliyeletwa kutoka Lubumbashi, ambaye saa yake ya mkononi ilionekana mpaka mlangoni. Safu ya kwanza alikuwa Ghislain, kocha. Huyu alikuja na viatu vyenye ncha na akawafundisha watoto wetu wiki mbili jinsi ya kusema. Alimkataza Fortunée ndoo. Alimkataza blanketi. Alimkataza Kiswahili. "Mwekezaji ananunua hadithi," alikuwa akisema kwa Kifaransa, akitembea huku na huku. Ni yeye pia aliyempangia dakika: dakika ya tatu mimina, wape vikombe, endelea kusema huku wanakunywa, usipoteze muda.

Wa kwanza alikuwa Pitshou, na mambo yake ya simu ya kuwapatia watu mafundi bomba. Alisema upesi mno, akamaliza kabla ya kadi yangu ya njano, akabaki amesimama. Wa pili Danielle, aliyetengeneza vigae vya sakafu kwa mifuko ya plastiki iliyoyeyushwa na mchanga. Alikipiga kigae chake nyundo mbele yao, hakikuvunjika, watu wakapiga makofi. Nikaona kwamba Danielle ni mzito, na kwamba anayeweza kumshinda ni Fortunée tu. Nami nilitaka Fortunée ashinde. Sheria inasema mshika saa hana upande, lakini niliukumbuka mgongo wa Mama Eugénie.

Akaitwa. Nikabonyeza saa.

Alianza vizuri. Kifaransa chake kilikuwa safi, mikono imetulia. Akaeleza wangapi wanakunywa munkoyo mjini, jinsi unavyochacha siku ya pili, jinsi chupa iliyofungwa vizuri na kukaa kwenye baridi inavyousaidia ufike siku tano. Bwana wa Lubumbashi alianza kuandika, jambo ambalo hakulifanya kwa Pitshou wala kwa Danielle. Ghislain akaegemea kiti, amefurahi. Dakika ya tatu ilipofika Fortunée akachukua chupa, akafungua kifuniko, ikatoa pumzi kidogo. Akamimina vikombe vitatu. 

Akawapa, kimoja kimoja, kwa mikono miwili. Akarudi mahali pake, akaendelea kusema.

Hakuna aliyekunywa.

Bwana wa Lubumbashi alikuwa ameinua kikombe chake karibu na midomo, Madame Suzanne akamgusa mkono wa koti, naye akakishusha bila kuuliza. Wote watatu wakakaa na vikombe mezani, wakimtazama. Fortunée akasema sentensi mbili zaidi juu ya soko la Lubumbashi, sauti ikaanza kupungua. Ghislain alimfanyia ishara ya mkono, endelea, endelea. Alikuwa hajaelewa. Mimi nilikuwa nimeelewa, na kila mzazi aliyekaa mle ndani alikuwa ameelewa.

Papa Édouard aliweka penseli chini. "Mwana," alisema kwa upole, "na weye? Kikombe yako iko wapi?"

Kwetu, aliyeleta kinywaji ndiye anayekunywa wa kwanza. Humpi mtu kikombe kabla hajaona kinakuteremka wewe mwenyewe kooni. Si matusi, wala si kumshuku mtu. Ni adabu, kila nyumba inaifuata, na Fortunée aliijua tangu hajaota meno. Lakini alikuwa amefundishwa kusema kwa dakika tano kwa Kifaransa, na katika dakika zile hapakuwa na nafasi ya kikombe chake.

"Papa, unisamehe," akasema. Kifaransa kilikuwa kimemwisha. "Minye niko nafunga."

Watu wakacheka, kicheko cha wema. Huko nyuma Jaël na wenzake wakasema amina.

"Unafunga, na unatuletea kikombe," Papa Édouard akasema, naye akitabasamu. "Shiye tutakunwa namna gani?"

Madame Suzanne akaongeza, "Mungu atakusamehea kikombe moya tu, mwanangu. Onja kidogo, tukunwe. Iko na harufu muzuri."

Ulikuwa mlango umefunguliwa. Angeweza kupiga funda moja, wote wangecheka tena, wangekunywa, na kwa jinsi yule bwana alivyokuwa anaandika, chumba kilikuwa chake. Alimimina kikombe cha nne. Akakiinua mpaka kifuani. Hapo kikasimama.

Nikatazama simu. Nikainua kadi ya njano. Moyoni nilikuwa nasema kunywa, kunywa, mtoto wewe, kunywa.

Akanigeukia mimi.

"Assistant," alisema mbele ya ukumbi mzima, "Rolly iko namna gani?"

Mshika saa hasemi. Watu wote wakanitazama. Kabla ya kuingia ukumbini nilikuwa nimechungulia ofisini, na Rolly alikuwa ametapika tena ndani ya kapu langu la karatasi, amejikunja, magoti kifuani. Nilijua namna alivyokuwa. Nilijua pia kwamba ni Rolly, na kwamba Rolly ni Rolly. Ningesema yuko vizuri, na labda ingekuwa kweli.

"Iko nalala," nikasema.

"Alitapika tena?"

Nilitikisa kichwa kukubali, kidogo tu, nikitumaini hataona. Aliona.

Akaweka kikombe mezani. Aliweka taratibu sana, kama chombo cha mtu mwingine, akaenda mpaka mbele ya wale watatu, akakusanya vikombe vyao kimoja kimoja na kuvirudisha upande wake. Ghislain alifunika uso kwa mikono.

"Musikunwe," akasema. "Minye siyaonja. Nilipika bila kuonja juu niko nafunga. Mizizi nilinunua ya kupondwa, ku muntu siyue. Mwenzangu alikunwa asubui, sasa iko natapika. Pengine ni woga yake, anakuwaka vile. Pengine ni mizizi. Siyue. Mama yangu hakupika hii. Jina njo yake, lakini mukono njo yangu."

Saa ikafika. Nilitakiwa kuinua kadi nyekundu, na niliinua. Hilo ndilo ninaloulizwa mpaka leo, kwa nini niliinua kadi mtoto amesimama namna ile. Dakika tano zilikuwa zimekwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana wa Lubumbashi alitoa leso akafuta vidole. Madame Suzanne alitazama chini. Papa Édouard aliandika muda mrefu kwa penseli yake, na mpaka leo sijui aliandika nini. Saa kumi na moja wakatangaza: Danielle na vigae vyake. Fortunée alimpigia makofi mwenzake kwa moyo, nilimwona, kisha akakusanya chupa zake ndani ya katoni akaondoka kwa miguu, na suti yake ya kuazima.

Maneno yalimtangulia nyumbani. Kusema kwake kweli kulichukua kama nusu dakika, lakini watu walibeba kile kipande walichokitaka. Jioni Kikula ilikuwa inasema munkoyo wa Mama Eugénie unatapisha. Jumamosi asubuhi ukawa umempeleka mwanafunzi hospitali. Jumamosi mchana ukawa umemwua. Rolly, ambaye Ijumaa saa moja usiku alikuwa tayari anakula bukari, ndio ugali wetu, na samaki kwa shangazi yake, alikutana njiani na mama mmoja aliyemshika mashavu akilia, akimshukuru Mungu kwa kumfufua.

Jumapili Mama Eugénie alirudi kutoka kilio, na kitambaa cheusi kichwani. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwao kueleza, maana nilijiona nina deni la maelezo, lakini alikuwa amekwisha kusikia kituoni alipoteremka. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alikaa kwenye kigoda chake, akamwambia Fortunée, "Leta chupa moya."

Aliifungua. Akanusa. Akamimina kikombe, akachukua funda, akalizungusha kinywani macho yamefumbwa. Sisi wawili tulisimama. Nilisikia redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Akameza. Akachukua funda jingine, halafu akanywa kikombe kizima, akakigeuza juu chini kuonyesha kimekwisha.

"Ni munkoyo," alisema. "Mizizi ya kweli. Imechacha kidogo, na baridi iliipunguza utamu. Lakini ni munkoyo muzuri."

Tulingoja hata hivyo. Saa nzima tulikaa uani kama watu wanaomchunga mgonjwa. Hakupata kitu. Kumbe lilikuwa tumbo la Rolly, lile la siku zote.

Fortunée akaanza kulia. Hakuwa amelia Ijumaa, hakulia Jumamosi, sasa akalia kwa sauti, akasema chumba kimekwenda bure, jina limechafuka bure, na ametupa vyote kwa kuogopa kikombe kilichokuwa kizuri. Niliumia sana kumwona. Nikatoa ile sauti yangu ya darasani, nikaanza kusema kwamba uaminifu ni mtaji, kwamba siku moja watu...

"Monsieur Hilaire, ile uache," Mama Eugénie akasema, na nikaacha.

Akamgeukia binti yake.

"Minye sikasirike juu ya ile ulisema kule. Kama hukuyua, ulisema hukuyua, ni vile. Minye iko na kasirani juu ya kiungu ya kupikia. Ulisimama pa kiungu yangu na kinywa ya kufunga. Ulibandika jina yangu pa kintu haukutia mu kinywa yako. Mungu angekungoya siku tatu, uji haingoyake." Akaifunga ile chupa. "Leo usiku tutapika wote wawili. Na kesho weye njo utauza. Minye nitaikala nyuma."

Jumatatu walikuwa sokoni kabla ya jua kupanda. Ndoo ya buluu, blanketi, vikombe viwili. Fortunée mbele, mama yake nyuma juu ya gunia, akikwangua mizizi ya Mama Émérence, aliyekuja mwishowe Jumapili jioni na kusema alikuwa na mtoto mgonjwa. Nilisimuliwa asubuhi ilivyokwenda. Watu walisalimia, wakauliza habari za kilio, wakatoa pole, wakapita. Mmoja alisimama akatazama ndani ya ndoo akasema atarudi. Mwingine alisema leo anakunywa chai. Mpaka saa sita ndoo ilikuwa imepungua vikombe vitatu, na viwili kati yake alikunywa Rolly, aliyekuja makusudi akanywa amesimama katikati ya njia ili watu wamwone yu hai.

Mimi nilitoka darasani kama kawaida. Njiani nilikuwa natengeneza mzaha wa kumchekesha, na nilikuwa nimeazimia kunywa viwili, siku ile hata vitatu. Nilifika, nikawasalimia, nikakaa kwenye ubao wa siku zote. Wanawake wa meza za jirani waliacha kupanga nyanya zao wakaangalia.

Fortunée alichota, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nikakipokea. Nilijua kwamba mama yake ameuonja mara tatu. Nilijua kwamba hata ule wa Ijumaa ulikuwa mzuri. Nilijua kwamba msichana huyu, mbele ya macho yangu, aliwazuia watu kunywa kinywaji asichokuwa na hakika nacho, na jinsi kilivyomgharimu. Yote hayo nilikuwa nayajua, kikombe kiko mkononi, halafu nikasikia kinywa changu kinasema:

"Onja kwanza."

Sokoni jina la muuzaji linatosha, na katika miaka kumi na moja sikuwahi kumwambia mama yake neno hilo. Mama Eugénie aliinua uso kutoka kwenye mizizi yake, akanitazama, akarudi kukwangua. Nilitaka kulirudisha, nikakosa namna. Fortunée alikichukua kikombe mkononi mwangu, akakinywa mpaka mwisho, akakisuuza, akanichotea kingine.